Honda ya marehemu baba, laki nne na nusu mkononi: nianzie wapi?

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 27, nashona sare za shule hapa Majengo, Moshi. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, na kazi yake yote aliifanya juu ya Honda CG125 nyekundu. Alipofariki, pikipiki ile iliwekwa bandani nyumbani Uru, ikafunikwa turubai, na mpaka leo iko palepale. Kuku wamelala juu yake miaka yote hiyo. Tanki lina kutu, kiti kimechanika mpaka sponji imekwisha, waya zimening'inia chini ya taa. Lakini nikishusha kiki, injini inazunguka. Haijaganda.

Kaka zangu wawili wamesema niichukue mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa naiosha kila Jumamosi na ndiye baba alinifundisha kuiendesha. Leseni ya pikipiki ninayo. Nataka iwe ya kupeleka sare kwenye shule za Uru na Kibosho, na Jumapili nimpeleke mama kanisani, maana magoti yake hayampi tena nafasi ya kupanda ule mlima.

Ila Mjomba, nataka pia ipendeze. Nimeona picha za pikipiki za zamani zilizotengenezwa kwa ile staili ya kafe resa: usukani wa chini, kiti kifupi cha kahawia, hakuna madigadi, matairi manene. Nilipoiona ya kwanza nilijua ndivyo Honda ya baba inavyotakiwa kuwa. Nikaenda kwa fundi mmoja hapa mjini, akaniambia inawezekana kabisa. Mpango wake ni huu: akate chesisi kwa nyuma, afunge injini ya 200 kwa sababu anasema 125 haina nguvu ya kupanda Kibosho, aweke matairi mapana, atoe madigadi zote mbili, na bomba la moshi alifanye fupi alizungushie kitambaa cha joto. Jumla shilingi 1,150,000.

Mimi nina 450,000, na naweza kuongeza 40,000 kila mwezi biashara ikiwa nzuri. Fundi anasema nimpe hizo nilizo nazo aanze, nyingine nitamalizia polepole. Mama hataki kusikia habari ya kukata. Anasema pikipiki ya marehemu iachwe kama ilivyo, au iuzwe mtu mwingine akaikate mbali na macho yake.

Naomba unisaidie. Nikubali mpango wa fundi? Kama sivyo, kwa pesa niliyo nayo nianzie wapi? Na je, ni kweli 125 ni ndogo kwa milima yetu?

Ni mimi fundi cherehani, Moshi.

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na baba.

Nianze na jibu lenyewe ili usikae na wasiwasi. Usikate chesisi, usibadili injini, na usimpe mtu yeyote laki nne na nusu kwa mkupuo. Pikipiki hiyo inaweza kupendeza na kukubeba wewe na mama yako kwa fedha uliyo nayo, lakini kwa mpangilio tofauti na wa fundi wako. Pesa iende kwenye kusimama na kushika barabara. Uzuri utoke kwenye mikono yako, kwa sababu wewe una ufundi ambao watu wengi wanaofufua pikipiki hulazimika kuulipia.

Lakini kabla spana haijaguswa, kuna suala la kadi ya umiliki wa pikipiki. Hukuniambia iko kwa jina la nani, nami nachukulia bado ni la baba. Kauli ya kaka zako ni njema, ila haihamishi umiliki. Mali ya marehemu huhamishwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa familia nyingi safari huanza na kikao cha ukoo, muhtasari unaandikwa na kusainiwa, kisha mnakwenda Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishapatikana ndipo anapokwenda TRA kuihamisha pikipiki iwe kwa jina lako. Kama baba aliacha shamba au nyumba, mirathi ni ya vyote kwa pamoja, kwa hiyo gharama hiyo isitoke kwenye mfuko wako peke yako. Nalisisitiza hili kwa uzito wote: chuma kikiwa bandani chini ya kuku hakina mwenyewe, lakini siku kikipita Double Road kinang'aa, kila ndugu atakumbuka alichoahidiwa na marehemu. Kaka zako waandike leo, wasaini, mama awe shahidi, wakati wote bado mna moyo mmoja.

Wala usiogope kwamba utakuta deni la ada ya leseni ya chombo ya kila mwaka. Ada hiyo ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18. Utakachohitaji ni bima, angalau ile ndogo, na kofia ngumu mbili.

Ukiwa na kadi mkononi, nenda bandani, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa ile shingo ya chesisi ambapo usukani unaingia, usome namba iliyogongwa pale. Kisha soma namba ya injini. Zilingane na kadi, herufi kwa herufi. Shingo hiyo asiiguse mtu kwa mashine ya kusagia wala asiipake puti. Namba ikififia, unabaki na pikipiki nzuri isiyo na ushahidi kwamba ni yako.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, na hapa ninafurahi kuandika, kwa sababu baba yako alikuwa na kitu cha maana. Honda walitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970, baada ya kuona jinsi watu wa nchi kama zetu wanavyozitumia pikipiki: mzigo mzito, vumbi, oili inabadilishwa mtu akikumbuka. Kwa hiyo hawakuweka ule mnyororo mdogo unaopanda hadi juu kwenye kichwa cha silinda kuzungushia valvu. Waliweka vijiti vya chuma vinavyosukuma valvu kutoka chini. Injini inakuwa na vitu vichache vya kuharibika na inavumilia uzembe mwingi. Mnyororo wa gurudumu la nyuma nao, kwenye nyingi zao, waliufunika wote kwa kava la bati ili usile mchanga. Kama la baba bado lipo, hicho ndicho kitu cha kwanza watu wa staili hukitupa. Wewe likwangue, lipake rangi, ulirudishe. Kwa vumbi la Pasua na Njoro wakati wa kiangazi, linakulipa kila mwezi.

Baadaye viwanda vya China viliiga muundo huo, na injini za pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa vijiwe vya bodaboda zimetoka hukohuko. Kwa mfuko wako hiyo ni neema. Kabureta, plagi, sahani za klachi, ringi, breki shuu, nyaya, vyote unaweza kuvipata duka la spea za bodaboda kwa bei ya bodaboda. Ila usinunue kwa kutaja jina. Fungua cha zamani, kibebe mkononi, kiweke kaunta ulinganishe. Vingine vinalingana kabisa, vingine vinapishana milimita mbili, na milimita mbili kwenye breki ni nyingi mno.

Pesa yako nakupangia hivi. Laki mbili za kwanza ni za matairi mawili na tyubu zake, breki shuu za mbele na nyuma, beringi za magurudumu, nyaya za breki na klachi, mnyororo na spoketi. Laki moja inayofuata ni ya injini na umeme. Elfu themanini ni rangi na kiti. Elfu sabini iliyobaki usiiguse, iache iwepo, kwa sababu pikipiki iliyolala miaka mingi ina siri utakayoijua siku ya kuifungua, na siri hiyo huja na bei.

Utaniuliza kwa nini laki mbili nzima ziende kwenye vitu ambavyo hakuna atakayevipiga picha. Fikiria barabara ya kutoka Uru hadi mjini. Ni mteremko karibu wote, na nyuma yako amekaa mama. Breki shuu zilizokaa miaka bandani huweza kuwa na unene mzuri na bado zisishike, kwa sababu zimekauka zikawa ngumu, au grisi ya beringi imezimwagikia. Zibadili zote bila kuzihurumia. Ukifungua haba, kile kitovu cha gurudumu, pitisha kidole ndani pale breki inaposugua. Kama kuna ukingo mkubwa ulioliwa, mwambie fundi, pengine haba inahitaji kukerezwa kidogo na watu wenye mashine, hapo Moshi utawapata maeneo ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo. Nyaya za breki nazo zibadilishwe, kwani waya huanza kukatika uzi mmoja mmoja ndani ya ganda lake ambako huoni.

Matairi yasome. Pembeni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tatu tu, ni la kabla ya mwaka 2000, na hata kama lina meno mazuri kiasi gani, mpira wake umekufa. Nunua saizi ileile iliyoandikwa: 3.00-17, kwa mfano, ni upana wa inchi tatu kwa rimu ya inchi 17. Matairi mapana ya fundi wako yakivishwa kwenye rimu nyembamba ya Honda hubanwa mashavu, umbo lake linapinda, na kwenye kona pikipiki inakuwa na maamuzi yake. La nyuma linaweza pia kugusa kava la mnyororo. Kama unachotaka ni ule muonekano wa unene, tafuta tairi la saizi yako lenye meno makubwa ya mraba. Kwenye tope la masika litakufaa zaidi ya lile laini.

Injini usiipige kiki tena mpaka ufanye haya. Mwaga petroli yote ya zamani na oili yote ya zamani. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya oili safi kwenye tundu lake, acha usiku mmoja, kisha kesho yake shusha kiki polepole kwa mkono plagi ikiwa nje, mpaka usikie inazunguka bila kukwaruza. Weka oili mpya, karibu lita moja. Plagi mpya ya aina ya D8EA ni pesa ndogo. Kabureta ifunguliwe yote isafishwe, na kama imeliwa na kutu nunua nyingine ya CG, zipo tele. Sponji ya kichujio cha hewa ibadilishwe, na lile boksi lake libaki mahali pake. Watu wa staili hulitoa wakaweka kichujio cha koni kwa sababu kinaonekana kizuri pale pembeni, lakini vumbi likiingia ndani ya silinda linasaga pistoni na ringi, na ovaholi utailipia kwa sare ngapi?

Kitu kimoja cha kwetu huku: kabureta mpya mara nyingi huja imepangwa kwa hewa nzito ya chini. Moshi mjini mko mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na kule unakopeleka sare ni juu zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, petroli inazidi. Ukiendesha siku chache ukakuta plagi ina masizi meusi makavu, mwambie fundi apunguze petroli. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mko sawa.

Kwa hiyo 125 ni ndogo? Jiulize baba yako alipanda nini alipokuwa akiwatembelea wakulima. Kama inavuta kwa shida ukiwa na mzigo, dawa ni spoketi ya mbele yenye jino moja pungufu. Hesabu meno ya iliyopo. Kama ni 15, funga ya 14. Utapoteza mwendo kidogo kwenye lami ya kwenda Boma Ng'ombe, utapata nguvu kwenye mlima. Injini ya 200 inataka mikono mipya ya kufungia, inabadilisha namba kwenye kadi, na inasukuma breki na chesisi zilizopimwa kwa injini ya 125.

Tanki lifungue lote, litoe nje, mbali na jiko. Likung'ute kutu nyepesi kwa kutumia nati ndogo ndogo na siki: jaza siki, weka nati, tikisa, liache siku moja au mbili, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, likaushe juani hapohapo, kisha zungushia petroli yenye oili kidogo kabla kutu haijarudi. Hesabu nati zilizoingia na zilizotoka.

Umeme usiwe na papara nao. Angalia kwanza kama ni ya volti 6 au 12, kwa sababu CG za mwanzo zilikuwa za 6. Soma kwenye globu ya taa au betri. Waya zilizoungwaungwa zitolewe, na iwepo fyuzi karibu na betri. Taa ya mbele, ya nyuma, ya breki, indiketa, honi: vyote vifanye kazi. Indiketa ndogo za duara zinapendeza kuliko zile kubwa na hazina gharama kubwa.

Sasa uzuri, maana najua ndicho kilichokufanya uandike, na una haki kabisa. Mtu anayeamka saa kumi na moja kushona sare za watoto wa watu anastahili kupanda kitu anachokipenda kukitazama.

Ile staili uliyoipenda ilianzia Uingereza miaka ya 1950 na 1960, kwa vijana waliokuwa wakikutana mikahawani, Ace Cafe ya London ikiwa maarufu kuliko yote. Wengi wao walikuwa watu wa kazi za mikono, na pikipiki ilikuwa ya kuendea kazini. Hawakuwa na pesa ya kununua mpya, kwa hiyo walipunguza vitu na kushusha usukani. Kwa hiyo uko kwenye njia yao hasa: anza kwa kutoa. Toa vyuma vya ziada vilivyoongezwa miaka ya katikati, stika, mabano yasiyoshika kitu, vipande vya plastiki vilivyopasuka. Panga nyaya zote zipite chini ya tanki kwa mstari mmoja. Osha injini kwa mafuta ya taa na brashi ya meno mpaka kila fini, yale mapezi ya kupoza injini, ionekane. Utashangaa ni kiasi gani cha ile picha kitajitokeza kabla hujanunua kopo la rangi.

Madigadi usizitoe. Ya mbele isipokuwepo, tope la Kibosho linakuja usoni na kwenye injini. Kama ni ndefu, ifupishe kwa nyuma kidogo, basi. Usukani wa chini kabisa nao haufai kwa barabara ya mawe, viganja na mgongo vitalia. Tafuta ulionyooka, usio na mapembe, kwa wanaouza vya mtumba. Ukishaufunga, uzungushe kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho injini ikiwa inaunguruma. Sauti ikipanda yenyewe au breki ikivutika, nyaya ni fupi, zipangwe upya kabla hujatoka nje ya geti. Kitambaa cha bomba sikishauri: kinakaa na maji ya mvua na kula bomba chini yake. Piga bomba msasa, lipulizie rangi nyeusi inayohimili joto. Kile kizuia sauti ndani yake kibaki.

Na kiti. Mpango wa fundi wa kiti kifupi unamwacha mama barabarani. Umeandika mwenyewe kwamba Jumapili unampeleka kanisani, halafu ukauliza kuhusu kukata chesisi mahali anapokaa. Mama yako amekataa kukatwa kwa sababu ya baba, nami nakataa pamoja naye kwa sababu zile bomba za chesisi za nyuma ndizo zilizobeba shokapu, kiti na abiria. Tengeneza kiti kirefu kilicho bapa, kama pikipiki nyingi za miaka ya 1970 zilivyokuwa, chembamba kwa mbele kinapokutana na tanki. Ukikiangalia kwa ubavu, mstari wa tanki na kiti ukiwa mmoja ulionyooka, umeipata ile sura bila kukata chochote.

Hapa unanizidi ujuzi, ila nikupe ya chuma. Bati la chini la kiti likwangue kutu, lipake rangi, angalia yale meno ya kushikia kitambaa kama yapo. Sponji nunua ile ngumu ya vipande vilivyogandishwa, laini itabonyea mwezi wa kwanza; ichonge kwa kisu kirefu, umalizie kwa msasa. Kitambaa ni rekisini ya kahawia. Fumua kile cha zamani kwanza uchukue vipimo. Tumia sindano nene, namba 18, uzi wa nailoni, na urefushe mshono, kwani mishono ya karibu karibu inatoboa rekisini ikachanika kama stempu. Mistari ya kukatisha itakayokaa juu iwe michache, maji huingia hapo. Weka nailoni kati ya sponji na kitambaa. Keria ya baba usiitupe. Iwe ya kufunga kwa boliti nne: siku za sare inakaa, Jumapili inatoka.

Rangi ibaki nyekundu. Kadi imeandika rangi, na ukiibadilisha unatakiwa kwenda kuirekebisha TRA. Kubaki na nyekundu kunakuokolea pesa na safari, na mama ataitambua. Piga msasa hadi pawe laini, praima, rangi, kisha koti la juu lenye hadina, ile dawa ya kukaza rangi. Bila hadina, petroli ikidondoka siku ya kwanza kwenye mdomo wa tanki inayeyusha kazi yote. Usipulizie wakati wa masika wala asubuhi za ukungu za Juni na Julai, rangi huota weupe. Subiri kiangazi, mwagia maji sakafu ya banda ili vumbi litulie, na funga pua na mdomo.

Kuhusu fundi: unaweza kurudi kwa huyohuyo au kutafuta mwingine, lakini kazi ya kwanza iwe breki, magurudumu na injini tu, spea unanunua mwenyewe, malipo kwa kila hatua iliyokwisha, na uwepo wakati anafunga. Kisha umwonyeshe kiti ulichoshona. Gereji za bodaboda zina viti vilivyochanika kila siku, na vijana wanapenda kiti chenye mistari na rangi zao. Mwambie: wewe nifungie kabureta na umeme, mimi nakushonea viti vitatu vya wateja wako. Nadhani atakubali, na ile 40,000 ya kila mwezi inaweza kubaki kwenye vitambaa vya sare.

Niandikie ukishaosha tanki. Likivuja chini, usikubali mtu alichomelee likiwa limetoka tu kumwagwa petroli. Mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Lioshwe kwa sabuni na maji ya moto mara kadhaa, lijazwe maji mpaka karibu na pale panapochomelewa, na afanye mtu aliyewahi kuchomelea matanki.